Nilivyomwita Oduor Mwizi wa Difu

Nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Pikapu yangu, ile inayoweza kuvutwa na magurudumu yote manne, ninayosambazia maji mitaa ya Donholm na Fedha, ilianza kushtuka kila nikikata kona. Fundi Oduor alikuwa ameifungua difu ya mbele, lile bonge la gia katikati ya ekseli, juzi tu. Basi nikaamua ameiba gia zangu na kuweka mbovu. Nikamwita mwizi pale gereji, wateja wakisikia. Mmoja akaondoa gari lake.

"Mama Neema, si ungoje niangalie kwanza?" akasema Oduor.

"Uangalie ulichoiba?"

Mkewe, anayenilelea mtoto nikienda kazi, akatoka na Neema mkononi. Nikamwambia, panda usikie kazi ya bwanako. Tukazunguka kwenye lami, gari likigoma.

"Na hii gia ndogo ni ya nini?" akauliza.

Ni ya kuunganisha magurudumu ya mbele. Niliivuta kwenye tope la mtaa wa Lucky Summer, nikasahau kuirudisha. Lami haitaki hivyo: ukikata kona, magurudumu hushindana na gari likashtuka.

Nikairudisha. Gari likakata kona bila kelele, gereji nzima ikitazama. Mama wa watu akaniwekea Neema mapajani, akashuka, akaenda kusimama kando ya mumewe.