Mlango wa kuinua kidogo

Leo Muyinga nimeingia kwenye gari la watu, mchana kweupe, nikakaa kiti cha dereva na mlango nikafunga.

Ngojeni, msicheke kwanza.

Nilitoka Gitega na gari langu jipya, la bluu. Nikakuta foleni ya mafuta, nikajipanga, nikashuka kununua mandazi.

Kurudi, mawazo yako mbali. Mkono ukashika mlango, ukauinua kidogo, ukavuta. Ukafunguka.

Nimeshakaa ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mwanangu, umepotea?"

Bibi mmoja, kikapu mapajani.

Yewe! Hilo ni gari langu la zamani, nililouza mwaka jana! Lilikuwa jeupe, wamelipaka bluu. Macho hayakulijua. Mkono ulilijua.

Mwenyewe akaja mbio, yule fundi cherehani niliyemuuzia. Nikasema leo naaibika. Kumbe alicheka mpaka akaegemea boneti.

Mara foleni ikasogea. Hapa hakuna anayewasha injini, tunasukuma.

"Kaka, si umeshakaa? Shika usukani, mimi na mama tusukume."

"Mama gani?" bibi akasema. "Mimi sishuki."

Basi nikashika. Usukani huu ndio uliomleta mtoto wetu wa kwanza nyumbani Musinzira, polepole, baiskeli za ndizi zikitupita.

Nyuma honi zikaanza, watu wanafoka.

"Nani huyo hasogezi gari lake?" nikauliza.

Bibi akageuka, akatazama.

"La bluu. Halina mtu."