Malipizi ya Kukaa Chini

Mwaka ule Kwaresima ilinikuta nimechoka hata kabla haijaanza. Nilikuwa na miaka mingi dukani kwa kaka yangu, Kariakoo, tukiuza mashuka na mapazia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukunja. Mteja anakuja, anataka kuona shuka lote lilivyo. Unamfungulia. Analishika, analinusa, anauliza kama linachuja rangi, kisha anasema anazunguka kidogo atarudi. Harudi. Unakunja. Kabla hujafika kona ya mwisho ameshaingia mwingine.

Nilikuja kwa kaka baada ya ndoa yangu kuvunjika. Niliishi na mume wangu kule Moshi bila kupata mtoto, mwishowe akaoa mwingine, na mama mkwe akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ingekuwa vizuri nikapumzike kwa ndugu yangu mjini. Kaka alinipokea. Sitamsema vibaya. Alinipa chumba ghorofani juu ya duka, akanipa kazi, na hakuwahi kuniuliza swali hata moja. Lakini kuna kupokelewa kwingine kunakufanya uombe radhi kila siku bila kufungua mdomo. Mimi niliomba radhi kwa kusimama. Nilifika wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Mchana, hotpoti za chakula zilipoletwa kutoka nyumbani kwake, niliwapakulia kaka, wifi yangu na wauzaji wengine, halafu mimi nikala kilichobaki, nimesimama nyuma ya majora ya mapazia, sahani mkononi na macho mlangoni. Hakuna aliyeniamuru. Niliona tu kwamba ndiyo nafasi yangu.

Jumatano ya Majivu nilikwenda misa ya asubuhi kabla ya kufungua duka. Padre aliponipaka majivu na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, nilijibu kimoyomoyo: hilo nalijua, Baba, wala sijawahi kulisahau. Nikatoka na alama yangu kwenye paji la uso, nikapita katikati ya mikokoteni, nikaenda kazini. Kama kila mwaka nikajipangia vya kuacha. Niliacha nyama, nikaacha sukari kwenye chai. Nikaanza kufikiria kuacha na chai yenyewe.

Siku za Ijumaa jioni nilikuwa naomba ruhusa nikasali Njia ya Msalaba. Wifi alikuwa hapendi, kwa sababu jioni ndiyo wateja wa mikoani wanamalizia manunuzi yao, ila kwa Kwaresima alivumilia. Nilifika kanisani miguu imevimba, nikapiga magoti pamoja na wengine kituo hadi kituo. Ijumaa moja, baada ya sala, padre alibaki kuungamisha. Nikajipanga kwenye foleni.

Alikuwa padre mzee, sauti imemkauka kwa kusikiliza watu. Nilimwambia ya kwangu: nimenung'unika, nimemwonea wifi yangu wivu, nimesinzia kwenye rozari. Kisha nikasema lile nililokuwa nikilisema kila Kwaresima, haraka haraka, mwishoni, ambalo hakuna padre aliyewahi kuliuliza.

"Na sikuzaa."

Nilisubiri aniondolee dhambi. Badala yake akauliza:

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Sikuzaa, Baba. Sikumpa mume wangu mtoto."

"Ulikataa?"

"Hapana."

"Ulifanya chochote kuzuia?"

"Hapana, Baba. Nilimtamani sana huyo mtoto."

"Sasa mbona unaungama?"

Nyuma yangu mtu alikohoa, nikahisi nachelewesha foleni. Nikamwambia kwamba mimi naona hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kwamba mengine yote yanatoka hapo.

"Mama," akasema, "hiyo siyo dhambi. Hiyo ni huzuni. Usiniletee tena kama dhambi. Kama huzuni, ilete siku yoyote, hata kama siyo Kwaresima."

Nilianza kulia, nikaziba mdomo kwa mtandio. Akaniuliza nafanya kazi gani, nafunga nini. Nikamwambia. Akauliza kama mchana nakula.

"Nakula, Baba. Nikiwa nimesimama."

"Kwa nini unasimama?"

"Basi tu, nimezoea."

"Malipizi ya dhambi zako ni haya. Mpaka Pasaka, kila siku mchana utakaa chini kama watu wengine, ule chakula chako, na usiinuke mpaka umalize."

"Baba, si unipe rozari?"

"Rozari kwako ni nyepesi. Nimekupa hayo."

Nilitoka kanisani nimechanganyikiwa. Usiku mzima nilijaribu kuyaona malipizi hayo kama mzaha wa mzee aliyechoka, nikashindwa.

Kesho yake tatizo likawa kiti. Dukani kilikuwepo kimoja tu cha maana, cha wifi, pale kaunta, na wengine walikalia marobota. Mchana ulipofika nikasimama na sahani yangu nikiangaza. Mwenye duka la mbele yetu, mzee wa Pwani anayeuza baibui, alikuwa barazani kwake. Mwaka ule mifungo yetu ilikutana, wao Ramadhani na sisi Kwaresima, na yeye midomo ilikuwa imemkauka kwa joto. Nikavuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Una nini leo?"

"Naomba kiti. Padre amenipa malipizi, nikae nikila."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliingia ndani akatoa kiti cha plastiki, akakifuta kwa kanzu yake. "Chukua," akasema. "Mambo ya Mungu hayo. Utakirudisha tukimaliza mfungo."

Nikakiweka katikati ya duka, kwa sababu kwingine kote palijaa mzigo, nikakaa. Wali na maharage. Wifi aliinua kichwa kutoka kwenye simu.

"Wifi, unaumwa?"

"Hapana, wifi. Nakula."

"Sasa ndiyo ukae hapo njiani? Wateja watapita wapi?"

"Padre amenipa malipizi," nikasema, na machozi yakanitoka tena, kwenye wali. Wifi ni Mlutheri, haya ya kitubio hayajui vizuri, ila neno la padre analiogopa. Akarudi kwenye simu yake.

Siku zile za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko kufunga nyama. Kila mteja akiingia, miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Nilijiona mvivu, nilijiona naiba kitu. Kilichonisaidia ni Njia ya Msalaba ya Ijumaa iliyofuata. Tulipofika kituo kile ambapo mtu wa Kirene anashikwa amsaidie Yesu kubeba msalaba, niliwaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Siku zote nilijiona mimi ndiye yule mtu wa Kirene, aliyetwishwa tu. Jioni ile nikamtazama Yesu. Alikuwa amechoka. Alikuwa Mungu, na akachoka mbele za watu, akakubali mtu ampokee mzigo, wala hakuomba radhi. Na kwa Baba yake hakupungua thamani kwa kuanguka pale chini. Nikabaki nimepiga magoti wakati wenzangu wamesogea kituo kingine. Kama ninapendwa na huyu, niliwaza, basi napendwa hivi hivi nilivyo, na tumbo langu hili, na miguu hii.

Sikupona siku moja. Ila karibu na Wiki Kuu aliingia mteja wa jumla kutoka Mbeya nikiwa nakula, nami nikaweka sahani chini ili niinuke. Kaka akawahi.

"Kaa, dada. Maliza. Mimi nitamhudumia."

Akaenda kufungua mashuka, akamwonyesha, na mteja alipoondoka, kaka yangu akaanza kukunja. Alikunja vibaya sana. Nikamwachia.

Jumatatu ya Pasaka, nyumbani kwake, nilimwomba tuongee. Nikamwambia nataka Jumapili zangu. Siyo misa ya kwanza kisha mbio dukani, bali siku nzima. Wifi alitaka kusema kitu, kaka akanyoosha mkono.

"Ungesema zamani," akasema.

"Sikujua kama naweza kusema."

Akainamisha kichwa. "Sawa, dada. Jumapili ni zako."

Kazi haikupungua siku nyingine, na bado narudi jioni nimechoka hoi. Ila Jumapili ile ya kwanza nilitoka kanisani, nikanywa chai yenye sukari, nikafunga mlango, nikalala mchana kweupe, huku chini mtaani watu wakinadi bei. Nilipoamka nilisali kidogo, nikageuka upande wa pili, nikalala tena.