Barua ya Kwenda Chuo cha Biashara

Watu wakinisikia naitwa mwalimu mstaafu hudhani niliupenda ualimu. Sikuupenda. Kwenye ile karatasi ya kuchagua vyuo tuliyopewa tulipokaribia kumaliza shule, miaka ya hamsini, ualimu niliuandika mstari wa pili, tena kwa shingo upande, kwa sababu mwalimu mkuu alikataa kupokea karatasi yenye mstari mtupu. Mstari wa kwanza niliandika chuo cha biashara.

Vyuo vya namna hiyo tulivyovisikia vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa Nairobi, na huko walikwenda watoto wa matajiri. Kingine kilikuwa kaskazini, upande wa Kilimanjaro, na hicho ndicho nilichokichagua baada ya kumuuliza kila mtu wa Mbeya aliyevaa koti. Walifundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu, upigaji taipu na sheria za biashara, na waliomaliza waliajiriwa na vyama vya ushirika, hata benki. Benki ya Mbeya nilikuwa naijua kwa kuchungulia. Mwafrika pekee niliyemwona mle ndani alikuwa anafagia. Mimi nilitaka kukaa nyuma ya kaunta, nimevaa tai, siku moja baba yangu aingie nimkaribishe kiti. Nilikuwa na miaka kumi na minane na majivuno yangu, sikatai.

Chuo kilinikubali, kwa sharti moja. Hazina ya wenyeji ya kwetu, yaani mfuko wa baraza la kabila, iandike barua kwamba itanilipia karo, na barua hiyo ifike kabla mwezi wa saba haujaisha. Isipofika, nafasi apewe mwingine.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina kwetu. Baba alikuwa Mhehe wa Iringa. Aliondoka kijana kwenda Chunya kutafuta dhahabu, dhahabu ikamkataa, akahamia Mbeya akawa seremala, akaoa, nikazaliwa mimi. Barazani Mbeya waliniambia kwa upole kwamba wao wanasomesha watoto wa Wasafwa, niende kwa Wahehe wenzangu. Nikawaonyesha tiketi za kodi za baba, miaka yote kalipa pale pale. Wakasema kodi ni kodi na kabila ni kabila. Wakati wa kuchukua hela zake alikuwa mtu wao.

Likizo ya katikati ya mwaka nikapanda basi kwenda Iringa, peke yangu. Baba hakuwa amekanyaga kwao tangu alipoondoka, na aliona haya kurudi mikono mitupu. Aliniazima shati lake la Jumapili, akanielekeza kwa kaka yake, kijijini nje kidogo ya mji.

Baba mkubwa alinipokea vizuri, lazima niseme. Alichinja kuku, akawaita majirani waje waone sura ya mdogo wake. Nilipomweleza shida yangu alisema hilo ni jambo dogo. Kesho kuna baraza. Wazee watauliza nani anamfahamu kijana huyu, yeye atasimama aseme ni mtoto wa nyumba yake, karani ataandika barua. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Asiyesimamiwa na mtu wa ukoo alikuwa mgeni, hata kama anakijua Kihehe, na changu kilikuwa cha kuombea maji.

Asubuhi, kabla ya baraza, akanitembeza shambani. Kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mahindi yalikuwa yamekauka, lakini chini bondeni kulikuwa na vinyungu, zile bustani za kiangazi, maharage yamestawi vizuri kabisa. Akaniambia sehemu ile ya bondeni ilikuwa ya baba yangu. Halafu akauliza, bila kunitazama:

"Baba yako huwa anakumbuka huku?"

Kweli ni kwamba baba hakuwahi kulitaja shamba lile hata siku moja. Lakini ningemwambiaje mwenyeji wangu, na kuku wake bado yuko tumboni, kwamba kwake kumesahauliwa? Nilitaka kumfurahisha.

"Kila siku, baba mkubwa," nikasema. "Anasema udongo wa huku hauna mfano. Anasema ipo siku atarudi alime."

Nikaongeza na chumvi yangu, kwamba hata mimi natamani kuja kujenga pale pale. Akasema vizuri, mwanangu. Akainama, akang'oa majani mawili matatu kwenye maharage, tukaondoka kwenda barazani.

Mzee mmoja akauliza nani anamfahamu kijana huyu. Nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa benchi la pili, mikono juu ya fimbo yake, na hakusimama. Ikabidi wamuulize yeye mwenyewe.

"Mdogo wangu aliondoka siku nyingi," alisema. "Huko alikozaa, mimi sikuwepo."

Mzee mwingine akasema mwacha asili ni mtumwa, watu wakacheka. Karani akafunga daftari lake, akaita shauri lingine.

Nilielewa nikiwa ndani ya basi, tumeshapita Mafinga. Angekiri mbele ya baraza kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ile, angekuwa amekiri na haki yangu kwenye bonde lile, alilolilima yeye miaka ishirini na zaidi, tena ana wanawe watatu. Mdomo uliponza kichwa. Lakini mimi sikutaka hata jembe lake, nilitaka barua. Angeweza kuniuliza. Mtu anakuchinjia kuku jana, leo hakujui! Sijamsamehe, na sioni sababu ya kudanganya kwamba nimemsamehe.

Nyumbani nilimweleza baba maneno ya barazani. Ya shambani sikuyasema, niliona aibu. Baba aliweka randa yake chini.

"Nilimwachia kila kitu," alisema. "Hata lile bonde nilimpa, mama yetu akisikia. Kwa nini aninyimie mtoto?"

Nilikuwa na jibu. Nikainama kuokota maranda sakafuni.

Mwezi wa saba ukaisha, na Januari nikaenda chuo cha ualimu. Miaka michache baadaye dereva wa lori la mbao alituletea ujumbe kutoka Iringa: baba mkubwa ni mgonjwa sana, anaomba mdogo wake aje waonane. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, nasahihisha madaftari mezani. Baba alimsindikiza dereva hadi mlangoni. Kisha akanigeukia.

"Unaonaje, mwalimu?"

Nikamjibu kwamba kama ni mimi, nisingekwenda. Hakwenda.