Kidole Alichonivunja Mama

Mama yangu alinivunja kidole kwa mwiko wa ugali nilipokuwa darasa la nne, kisha akawaambia watu kwamba nilianguka. Naanza na hilo kwa sababu yeye hajawahi kuanza nalo.

Tulikuwa tunaishi Mbebe, kule juu Ileje, na siku hiyo niliachwa jikoni niangalie maharage. Mvua ilikuwa imenyesha. Lori la kubeba mahindi lilinasa kwenye tope chini ya kwetu, watoto wote wakakimbilia huko kuwatazama wanaume wakisukuma, nami nikakimbia nao. Niliporudi, harufu ya maharage yaliyoungua ilikuwa imefika barabarani na mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alianza kunipiga kichwani, nikainua mkono kujikinga. Nilisikia kitu kikilia ndani ya mkono kabla sijasikia maumivu.

Alikifunga kidole kwa kipande cha kanga. Alikifunga vizuri, hata kwa upole, huku akiniambia, "Ukiulizwa, uliteleza kwenye tope. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mwalimu aliuliza, nikasema niliteleza. Kidole kikaunga kikiwa kimepinda, na mpaka leo hakinyooki hata nikikilazimisha.

Miaka ilivyokwenda, maelezo ya mama yalibadilika kulingana na msikilizaji. Kanisani nilikuwa nimekanyagwa na ng'ombe. Kwa wakwe zangu, mlango wa gari ulinibana. Siku ya harusi yangu pete ilikataa kupita kwenye kifundo cha kidole hicho. Mchungaji akasubiri, bwana harusi akasukuma huku jasho likimtoka, waumini wakaanza kucheka. Mama alikuwa benchi la mbele. Alicheka nao, akamwambia mwenzake kwa sauti iliyonifikia, "Huyu tangu utoto hakuwa mtulivu." Pete ikavalishwa mkono wa kulia. Nikajisemea moyoni, iko siku.

Niliolewa nikahamia Mpemba, hapa Tunduma. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Kongo, kwa hiyo nyumba naiendesha mimi. Mchana nauza vitenge karibu na mpaka. Wateja wangu wengi ni wanawake wa Zambia, nawaita "bamayo", yaani mama, kama wanavyoitana wao, tunapatana bei na kucheka. Tuna mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la pili. Alikuwa hajawahi kupigwa ndani ya nyumba yangu. Akikosea tunakaa chini tunazungumza mpaka mwenyewe anachoka na kuniambia, "Basi mama, nimeelewa."

Mwaka jana macho ya mama yakaanza kufifia. Kaka yangu aliyebaki Mbebe akanipigia simu kusema ni mtoto wa jicho, na kwamba mimi ndiye niliye karibu na hospitali. Nikamchukua. Majirani walinisifu kwa moyo wangu. Sikuwa na moyo huo. Nilitaka akae chini ya paa langu, ale chakula changu, akitaka kwenda chooni aniite mimi. Nilitaka ajue ilivyo kumtegemea mtu ambaye mkono wake uko juu yako.

Halafu ikaja siku niliporudi kutoka mpakani nikakuta mwiko sebuleni. Mwiko wa jikoni kwangu, umelala sakafuni karibu na kochi. Mtoto alikuwa chumbani amejifunika shuka, na nilipoifunua nikaona mgongoni alama mbili nyekundu zilizovimba.

"Umemfanya nini mtoto?" nilimwuliza mama. Sikumwamkia.

"Amevunja chupa ya chai," akasema bila kugeuza uso. "Nimemrudi. Mtoto lazima arudiwe."

"Nani kakuruhusu?"

"Niruhusiwe kumrudi mjukuu wangu? Wewe si nilikurudi? Umekuwa mtu, una mume, una duka. Unafikiri vilikuja vyenyewe?"

Nilimshika mtoto mkono tukaenda moja kwa moja polisi, dawati la jinsia na watoto. Njiani nilikuwa nikiiona picha yote: mama amesimama mbele ya askari, anaulizwa, anajibu, jina lake linaandikwa. Askari aliyetupokea alikuwa dada wa umri wangu, mpole. Alimtazama mtoto mgongoni, akamwuliza kama anaumwa popote pengine, akampa biskuti.

"Dada," akaniambia, "naelewa hasira yako. Lakini sheria yetu inamruhusu mzazi au mlezi kumrudi mtoto, mradi asizidishe kiasi."

"Kiasi ni kipi, afande?"

"Inategemea umri wa mtoto, kosa lenyewe, na alivyopigwa. Hapa hakuna jeraha la kumpeleka hospitali. Ninaweza kumwita bibi nizungumze naye, nimwonye."

Nikaweka mkono wangu mezani. "Na hiki kilikuwa kiasi?"

Alikitazama kidole. "Huyohuyo bibi?"

"Huyohuyo."

"Pole," akasema. "Ila hiki ni cha zamani sana, dada yangu. Zungumzeni nyumbani."

Nilitoka pale nimeikasirikia sheria kama nilivyomkasirikia mama. Imemwachia mwenye mwiko apime mwenyewe kiasi cha mwiko wake. Mama angeulizwa siku ile ya maharage, angeapa kwamba alinipiga kwa kiasi.

Nyumbani nilimpikia mama, nikampaka dawa ya macho, nikasubiri.

Kikundi chetu cha akina mama wa mtaa hukutana Jumamosi mchana chini ya turubai, Waislamu na Wakristo, wenyeji wa Mbozi na waliofuata biashara kutoka mikoa mingine, mama mkwe wangu naye akiwemo. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alipenda kutupa mada ya kubishania kabla ya shughuli nyingine. Wiki hiyo aliuliza kama ingefaa sheria imkataze kabisa mzazi kumchapa mwanawe. Siku hiyo nilikwenda na mama, nimemshika mkono, nimemvalisha kitenge kipya.

Mabishano yalikuwa makali. Mama mmoja muuza mchele akasema, "Wakitukataza kuchapa, hawa watoto wa Tunduma tutawalea na nini, na mahubiri?" Watu wakacheka. Mwingine, mfanyabiashara kutoka Tanga, akasema yeye hachapi, hununa tu kutwa nzima, na wanawe wanauogopa mnuno wake kuliko bakora. Ndipo mwenyekiti akamwona mama. "Tumsikilize bibi yetu kutoka Ileje. Bibi, wewe umelea."

Mama akasimama, mkono begani kwangu. Kiswahili chake kina mlio wa kwetu milimani na watu waliupenda. "Mimi nimelea kwa fimbo," akasema. "Watoto wangu wote wamekuwa watu. Hakuna aliyenipotea, hakuna niliyemuumiza. Huyu hapa mmojawapo, muulizeni."

Vigelegele. Mwenyekiti akanigeukia akitabasamu, "Haya, shahidi wa bibi."

Nilisimama. Nikainua mkono wa kushoto ili wa nyuma nao waone. "Mama, waambie kidole hiki kilipindaje."

"Si ulianguka," akasema haraka.

"Nilianguka wapi? Mwalimu uliniagiza nimwambie ni tope. Kanisani ulisema ng'ombe. Mama mkwe yuko hapa, ulimwambia gari. Leo sema lile la kweli."

Mama aliminya bega langu, akaninong'oneza kwa Kindali, lugha ya kwetu Ileje. Pale hakukuwa na mwingine anayekijua. Ningeweza kuyaacha maneno yale yabaki kati yetu. Nikayatafsiri kwa sauti, neno kwa neno.

"Mama anasema, 'Mwanangu, usinivue nguo mbele za watu.'"

Akaniomba tena, kwa Kindali. Nikatafsiri tena. "Anasema, 'Nilikuwa peke yangu na watoto, nilikuwa nimechoka.' Mmesikia? Alikuwa amechoka. Alinivunja kwa mwiko kwa sababu ya maharage, na wiki hii mwiko umeshuka mgongoni kwa mwanangu."

Mama akakaa. Kitenge kipya alikivuta kikamfunika kichwa. Mama mkwe alitazama chini. Hakuna aliyepiga kigelegele, na yule muuza mchele akaanza kulia, sijui kwa ajili ya nani.

Jioni kaka akapiga simu, habari imeshamfikia. "Umemuua mama," akasema. "Mzee kama yule! Huna haya?"

"Ulikuwepo siku ya maharage," nikamjibu. "Ulikuwa unakula sukari guru nyuma ya nyumba. Ulisikia." Akakata simu. Hatujazungumza tangu hapo.

Wengine wangetaka niseme kwamba niliumia moyo. Sikuumia. Nilikula nikashiba. Mama alitaka kurudi Mbebe kesho yake, nikakataa mpaka afanyiwe upasuaji. Nilimpeleka hospitali, nikamngojea, na alipofunguliwa bandeji nilihakikisha kwamba mimi ndiye niliyekaa mbele yake, mikono magotini. Alinitazama. Akaitazama mikono. Akauliza kama kuna chai.

Akina mama wa kikundi huniuliza msimamo wangu siku hizi, nami husema sheria imkataze mzazi kabisa. Wanadhani nasema kwa huruma ya watoto. Mimi nataka mtoto aliyeshikwa na mwenye nguvu awe na mwenye nguvu zaidi wa kumshitakia, na huyo asimwambie kwamba inategemea.

Mama bado yuko kwangu. Hajamgusa mtoto tena. Juzi niliwakuta wanachambua mchele pamoja barazani, mtoto amemlalia bibi yake mapajani, wanaimba. Baadaye nilimwuliza mwanangu kama hamwogopi bibi.

"Simwogopi," akasema. "Aliniomba msamaha. Alisema amekosa sana kunipiga."

"Lini?"

"Zamani, mama. Kabla hajaenda kupasuliwa macho."

Nilirudi jikoni, nikawasha jiko, nikasimama pale. Mimi hajaniomba. Nampikia kila siku, namwekea sahani mbele, nakaa mkabala naye nikimsubiri aseme, naye hula kimya, humaliza, husema ahsante kwa chakula.