Chupa Mbili za Maji ya Mto

Mama yangu alilazimishwa kuomba msamaha mbele ya kanisa zima. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba maji yananuka.

Tuliishi upande wa Kanyangi, kando ya mto wa mchanga. Wakati wa kiangazi tulichimba mchangani mpaka maji yatokee, tukachota. Mwaka mmoja yalianza kunuka kama mayai viza, na mbuzi wetu watatu wakafa. Mama alisema wazi kwamba ni uchafu wa kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu ya mto. Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa kanisa letu. Jumapili iliyofuata mzee huyo alimsimamisha mama mbele ya waumini, akimshtaki kwa kumchafulia jina. Mama akakaza leso kiunoni, akasema, "Nisameheni." Yule mzee akatikisa kichwa kwa upole. Nilikuwa darasa la saba, na upole ule ndio uliofanya nimchukie.

Nilisomea kemia kwa sababu ya mzee yule. Sikuwa na sababu nyingine.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikifanya kazi katika maabara moja mjini Wote, malalamiko ya watu wa mto ule yalipoletwa kwetu. Nilimwambia mkubwa wangu ukweli: huyu mtu nina kinyongo naye.

"Basi utaenda na mwenzako," akasema. "Kila utakachopima, yeye atakipima upya."

Tulichota maji juu ya kiwanda, kisha chini ya bomba lake la uchafu. Kila sampuli tuliigawa katika chupa mbili zilizofungwa kwa lakiri: moja yetu, moja ya mwenye kiwanda, akapime popote apendapo. Mzee mwenyewe alikuwapo, na hakunitambua.

"Binti, kwani shida ni nini?"

"Weka sahihi hapa, mzee."

Maabarani niliyatayarisha maji, nikatia dawa ya kupimia kromiamu, madini yanayotumiwa viwandani kuzuia ngozi isioze. Maji ya juu yalibaki meupe. Ya chini yaligeuka zambarau iliyokolea. Nakiri kwamba nilitamani kuongeza tarakimu ili nimzike kabisa. Mwenzangu alipima upya kesho yake, akapata nilichopata. Hakukuwa na haja ya kuongeza hata nukta.

Kiwanda kilipofungwa kwa amri, yule mzee alikuja ofisini. Mtu alikuwa amemwambia mimi ni mtoto wa nani.

"Mwanangu, wewe ni wa kwetu. Mambo haya yangekuja kwangu kwanza, tukamalizana kinyumbani."

"Mama yangu ulimmalizia kanisani," nikamjibu. "Mlango ni ule."

Jumamosi ile nilikwenda kumsomea mama ripoti, mstari kwa mstari, kwa Kikamba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tunaweza kunywa?"

Nikamwambia bado. Sumu imeshikana na tope chini ya mchanga, na hakuna ajuaye itatoka lini.

Hata hivyo, nikirudi Wote nilipita kwa makusudi kwenye lango la kiwanda. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Nilisimama hapo nikilitazama, nikafurahi.