Karani wa mapokezi aliyemkalisha bosi kwenye kiti chake

Saa mbili kasorobo asubuhi, Everlyn Nakhumicha anafuta meza ya mapokezi kwenye orofa ya nne ya jengo moja mtaani Westlands, Nairobi. Simu tayari inalia. Mbele yake wamesimama wanaume wawili kutoka Waithaka, kila mmoja amekumbatia bahasha ya kaki. Hawatazamani.

"Ni ndugu, wanagawana shamba," ananong'ona. "Mmoja nitamketisha hapa, mwingine kule dirishani. Hiyo ndiyo kazi."

Kampuni hii ya kupima ardhi imekuwa mwajiri wake kwa miaka 17. Alipowasili kutoka Bungoma alianza kwa kufagia na kupika chai. Leo ana umri wa miaka 44, ni mama wa mabinti wawili, na hakuna mteja wa siku nyingi asiyemjua kwa jina.

Lakini mwaka jana nusura afutwe kazi.

Yote yalianza mwezi Machi, meneja wao Bw Kibe alipostaafu. Alikuwa mpole mno. Baadhi ya wapimaji waliingia kazini saa tatu na nusu na hakuna aliyewauliza. Nafasi yake ilichukuliwa na Bi Debra Nyokabi, aliyetoka benki. Siku yake ya kwanza, ilipogonga saa mbili na dakika tano, alifunga mlango kwa ufunguo. Wapimaji sita walibaki kwenye ngazi.

"Nilikuwa mmoja wao," anasema Joash Ochola, mpimaji mkuu, akicheka. "Tulimchukia huyo mama! Chai mezani, marufuku. Ukicheka, anakuangalia. Tukawa tunaongea kwa macho tu."

Everlyn hakuudhika na suala la saa. "Hata nilifurahi kidogo. Wateja walikuwa wakiniuliza mimi wapimaji wako wapi, na sina jibu."

Kilichomkwaza ni amri nyingine: asiyeweka miadi kwa simu au mtandaoni, asiingie.

Asubuhi moja ya Mei alifika Mama Mbugua, ajuza wa miaka 76, akiwa na ramani ya shamba lake mkobani na matope viatuni. Jirani yake alikuwa akichimba msingi wa nyumba ndani ya mpaka wake. Hakuwa na miadi.

Everlyn alimpa kiti na kumwita Joash. Siku hiyo hiyo Joash alienda na vifaa vyake, akaonyesha vigingi vya zamani vilivyofukiwa, na uchimbaji ukasimama.

Jioni, Everlyn alikabidhiwa barua ya onyo. Kosa: ukaidi. Alitakiwa kuitia sahihi kukiri kosa, la sivyo kazi yake ilikuwa hatarini.

Wenzake walimsihi aombe msamaha. Mshahara wake wa Sh36,000 ndio uliomlipia karo ya chuo kifungua mimba wake, Becky.

"Nilienda chooni nikalia," anasimulia. "Kisha nikanawa uso, nikaingia kwake. Nikamwambia, 'Madam, mimi sikukaidi. Njoo ukae pale kwangu asubuhi moja tu. Ukiona nilikosea, nitatia sahihi.'"

Bi Nyokabi alivua miwani. "Kesho, saa mbili," akajibu. "Na wewe utakaa wapi?"

"Nitasimama nyuma yako."

Kufikia adhuhuri walikuwa wamekuja watu 19, na 14 kati yao hawakuwa na miadi. Mzee mmoja alimnyoshea meneja simu yake ya mulika mwizi, ile ndogo ya tochi isiyo na intaneti: "Niwekee wewe hiyo miadi, binti yangu."

Hata hivyo, Bi Nyokabi naye alikuwa na lake. Alifungua daftari la wageni akakuta kurasa nzima za majina yasiyo na nambari za simu. Ni watu waliorudi nyumbani bila kuhudumiwa na hakuna aliyeweza kuwatafuta.

"Hapo alinipata," anakiri Everlyn.

Akizungumza ofisini mwake, Bi Nyokabi hapepesi macho. "Sikuja hapa kupendwa. Lakini kampuni hii nilikuwa nimeisoma kwenye makaratasi tu. Asubuhi ile niliiona."

Sasa wasio na miadi hupokewa kila siku hadi saa sita. Everlyn alilipiwa mafunzo ya kompyuta ya wiki tatu, na kila mgeni huandikwa na nambari yake. Mlango wa wafanyakazi bado hufungwa saa mbili na dakika tano.

Na ile barua?

"Iko kwenye faili. Yeye hakuiondoa, mimi sikuitia sahihi. Kila mtu na msimamo wake."

Majuzi kampuni ilitangaza nafasi mpya ya msimamizi wa huduma kwa wateja. Walioomba ni watano, wawili wao wana shahada. Everlyn ni mmoja wa hao watano. Mahojiano ni Jumatatu, na atakayeyaongoza ni Bi Nyokabi.

"Atanibana, namjua," anasema, akitabasamu. "Anibane tu. Akimaliza, nami nina swali langu: atanipa wasaidizi wangapi?"