Siku Tulipokaanga Themomita

Mimi shule niliingia na ufagio. Hapo Lodwar, miaka ya tisini, nilikuwa mtu wa kufagia na kufungua chumba cha fizikia katika sekondari moja ya wavulana. Wenyewe walikiita maabara. Ufunguo ulikaa shingoni kwangu, umefungwa na kamba ya ngozi, hata nikioga mto Turkwel nilikuwa nao. Mwalimu wa fizikia alisema, "Mzee, humo ndani kila kitu kina kazi yake. Usiguse." Kwa hivyo nikagusa kila kitu, kidogo kidogo, nijue hiyo kazi ni gani.

Joto la siku hizo usiniulize. Siku hizi watu wanalia jua kali, na hili ni jua la watoto. Wakati ule saa sita mchana kivuli changu mwenyewe kilikuwa kinaingia chini ya miguu yangu kujificha. Mbuzi ukimkama unapata maziwa ya moto, unatia majani tu unakunywa chai. Nzi akitua kwa bati la maabara anasimama na mguu mmoja, akichoka anabadilisha. Haki ya Mungu.

Sasa, kila mwaka wanafunzi walikuwa na mashindano ya kutengeneza vitu. Mmoja anakuja na pampu ya upepo, mwingine na redio ya kopo, mwingine na mtego wa panya wenye betri. Maabara ilijaa misumari na waya mpaka ufagio wangu ulikuwa unatoka na nguo za kichwa chake zimeraruka. Mimi nilipenda sana. Walikuwa wananiita Apa, baba, wananituma nishike mbao, nishike waya, nishike pumzi.

Mwaka ninaosema, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, Msudani, alitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mrefu! Akisimama mlangoni mimi niko ndani nilikuwa naona mshipi tu. Huyo alitengeneza jiko la jua. Alichukua mikebe ya mafuta ya msaada, akaipasua, akaigonga mpaka ikawa bapa, akaisugua na majivu na mchanga mpaka unaweza kunyoa ndevu ukijiangalia. Akaipanga kwa fremu ya miti kama karai kubwa, jua likaangukia pale, lote likaenda kukutana mahali pamoja katikati. Hapo ndipo unaweka sufuria. Mimi niliweka kidole. Mara moja tu.

Nikamuuliza, "Kijana, hii ni ya nini na shule iko na kuni?"

Akasema, "Ya mama."

Mama yake alikuwa kambini. Kuni za kambi hazikutosha, wakitoka nje kuokota wanagombana na wenyeji, wengine wanapigwa. Hao wenyeji ni watu wetu, sisi Waturkana, siwezi kuficha. Miti ni michache na kila mtu anasema ni wake. Kijana alikuwa hajamwona mama yake mwaka mzima. Na mwalimu alikuwa amemwahidi hivi: jiko likiingia katika tatu bora hapa Lodwar, lori ya shule italibeba mpaka Kakuma, yeye juu yake, wamama waone. Lisipoingia, fremu itavunjwa, miti ni ya shule na kuna watu wa pampu wanaingoja.

Lakini mwalimu aliongeza, "Majaji hawataki kusikia 'ni moto sana.' Wanataka nambari."

Nambari zilikuwa kwa themomita. Maabara ilikuwa na themomita sita, tano zilikufa mikononi mwa wanafunzi. Ilibaki moja, iko kwa sanduku la mbao na pamba, kama yai la mbuni.

Basi mpishi wa shule ndiye aliniponza. Jirani yangu yule, mdomo mkubwa kuliko sufuria zake. Siku tatu kabla ya mashindano nilikuwa jikoni naomba chai, nikasema hakuna mahali moto Lodwar nzima kama bati la maabara.

"Wewe unajua moto?" akasema. "Ingia hapa nyuma ya jiko langu usimame, utaenda nyumbani kwa bibi yako kama nyama choma."

"Tupime."

"Na nini? Na ulimi wako?"

Hapo sasa kichwa kikanipanda moto. Nikaenda, nikafungua sanduku, nikaleta themomita. Tukaweka kwa bati, ule uzi mwekundu ukapanda. Tukaweka kwa maharagwe, ukapanda zaidi, karibu na juu. Mpishi akaanza kucheza, ameshinda. Akasema, "Hiyo ni maharagwe bado! Weka kwa mafuta ya mandazi uone!" Na mimi nikaweka.

Uzi ulikimbia kama mbuzi ameona fisi. Ulifika juu, ukakosa pa kwenda, halafu nikasikia *tak*. Glasi ikaingia kwa mafuta, mafuta yakamwagwa, shule nzima ikakosa mandazi. Mpishi akawaambia wanafunzi eti mjusi ameanguka ndani. Mimi niliokota kipande kilichobaki mkononi, nikakiweka kwa mkebe wangu wa tumbaku.

Kesho yake kijana akaja na daftari lake limechorwa mistari vizuri. Akafungua sanduku. Pamba tu.

"Mzee, themomita iko wapi?"

"Labda panya."

Akaniangalia kutoka kule juu. "Panya anataka kupima nini?"

Yeye hakupiga kelele. Alikaa chini, akaanza kuhesabu misumari ya fremu, ile itang'olewa kwanza. Nasema ukweli, mimi mdomo wangu haukujua kunyamaza tangu nizaliwe, lakini hapo ulikauka. Nikatoa mkebe wa tumbaku, nikamwaga kile kipande mezani. "Niliikaanga," nikasema. "Mimi na mpishi."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyastahili, hata ya Kiarabu cha Juba. Akashika kile kipande, akakigeuza, akauliza, "Kabla ya kupasuka ilifika ngapi?"

"Ilifika mwisho."

Akacheka. Alicheka mpaka akalala kwa meza ya watu. Halafu akafungua daftari, bado tupu.

Mimi nikamchukua mpaka nyumbani kwangu Nawoitorong, kwa sababu nikiharibu kitu mimi huwa napeleka kwa mke wangu. Yeye alikuwa anayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo. Nikamweleza. Akaacha kijiko, akapiga makofi. "Nyinyi wanaume wawili wazima! Mmekosa cha kukaanga?" Kisha akamwambia kijana, "Mtoto wangu, mimi hiyo glasi sijawahi kuwa nayo, na sijaunguza mafuta. Mkia wa kondoo unaamka mapema, unayeyuka na jua la asubuhi tu. Mshumaa unalala kidogo, unaamka nyuma yake. Yai ni mvivu, ndio linaganda. Maji ni ya mwisho kabisa."

Kijana akatoa macho. "Mama, sema tena pole pole." Akaandika. Siagi hatukuiweka kwa orodha. Siagi ya Lodwar tangu izaliwe haijaganda hata siku moja.

Mwalimu, tulipomwambia, alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe. Lakini aliposikia habari ya mkia na mshumaa akafungua kitabu chake kikubwa, akatafuta kila kimoja kinayeyuka kwa joto gani, wakaandika kando.

Siku ya mashindano, uwanja umejaa. Majaji watatu wametoka mbali, mmoja amevaa koti, jasho linamtoka kama mfereji. Kijana akapanga vifuniko vitatu kwa bamba jeusi katikati ya jiko: mafuta ya mkia, mshumaa, yai; kando yake kikombe cha maji. Akageuza jiko likatazama jua.

Jaji wa koti akauliza, "Themomita iko wapi?"

Kijana akainama kunyoosha vifuniko. Hakutaka kunitaja. Wanafunzi wote wakanigeukia, mpishi akajificha nyuma ya mti mwembamba kuliko yeye. Nikapita mbele na ufagio wangu.

"Bwana mkubwa, niliikaanga mimi."

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Lakini mafuta ya mkia yalikuwa tayari yanalegea. Kijana akaanza kueleza, hiki kikiyeyuka tumefika hapa, kile kikiyeyuka tumefika pale. Mshumaa ukainama, ukawa maji. Yai likawa jeupe. Kikombe kikaanza kuimba. Jaji wa koti akainama kuonyesha kitu na biro yake, akaiingiza pale jua linapokutana, na biro ikakunja shingo kama ngamia anayetafuta pa kulala. Akaitazama. Akaiweka mfukoni hivyo hivyo, imepinda.

Pampu ya upepo ikawa ya kwanza. Redio ya pili. Jiko letu la tatu, kwa kukosa nambari kamili. Mimi nilipiga kelele mpaka nikafikiri wa tatu ndiye mkubwa.

Lori ilitupeleka Kakuma, jiko limefungwa na kamba juu, linamulika barabara nzima. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya udongo, mlango mfupi. Alitoka ameinama, akanyooka, na nikajua urefu wa kijana ulitoka wapi. Hakulia. Alimshika mtoto wake masikio yote mawili, akamtikisa, akamshika tena. Halafu akalizunguka jiko mara mbili, mkono juu ya macho.

Wamama wakajaa. Birika la chai likawekwa. Tukangoja. Mama akasema kitu kwa lugha yao, kijana akacheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Nimemwambia wewe ndiye uliyekaanga themomita. Anasema basi wewe ndiye unakunywa kwanza, tujue kama imepata moto."

Akanimiminia kikombe kimejaa, wamama wote wananitazama. Ningefanya nini? Nikapiga funda moja kubwa la kiume. Ulimi ukaniacha, machozi yakatoka mpaka kwa shingo, ufunguo ukalowa.

"Mzee," kijana akauliza, daftari mkononi, "imefika ngapi?"

"Mwisho," nikasema. "Imefika mwisho."

Akaandika. Mama akasema, "Kweis, kweis," yaani vizuri, akaondoa birika, akaweka sufuria ya maji ya asida, ugali wao. Kukoroga kulikuwa kunatikisa fremu, kwa hivyo nilishikilia miguu ya jiko mpaka asida ikaiva, jua linanipiga sikio moja tu. Sikio hilo mpaka leo ni jeusi kuliko lile lingine. Njoo uone.